Taa ya Pili Imezimika Tena

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili leo asubuhi. Si zawadi. Amesema kila akifungua kitabu mimi hufungua mdomo, na kwamba yote ninayotaka kumsimulia kuanzia sasa mpaka mtihani wake uishe niyaandike humu, naye atayasoma akipata nafasi. Nikamuuliza nafasi ataipata lini. Akasema Juni.

Basi na iwe. Kuandika sikuanza leo. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa fundi redio, na kila redio iliyoingia dukani kwangu niliiandikia tarehe, ugonjwa na dawa. Duka nimelifunga mwaka jana, maana siku hizi redio ikinyamaza watu wanaitupa. Tangu hapo nashinda nyumbani, na vyombo vya humu ndani vimenikoma. Nimekwisha fungua pasi, kengele ya mlango na mizani ya jikoni, ambayo sasa inapima kitunguu kimoja kilo nne.

Kwa atakayesoma, yaani wewe, mke wangu, ukifika Juni: nayaandika hata unayoyajua, kwa sababu daftari la fundi halirukii kitu. Mke wangu ni mkutubi msaidizi, mwaka wa ishirini na sita sasa. Mkutubi mkuu anastaafu mwezi wa sita, na kiti chake hakipewi mtu asiye na stashahada. Kwa hiyo anasoma kwa njia ya mtandao, Jumanne na Alhamisi saa kumi alasiri. Mtihani wa mwisho ni wa mdomo, Ijumaa tarehe 23 Mei, saa nne asubuhi, mbele ya wakufunzi watatu watakaomwona kwenye kompyuta. Akifaulu, kiti ni chake. Akishindwa, kuna mtu wa miaka ishirini na tisa mwenye stashahada yake mkononi, na mke wangu atampelekea mafaili mpaka naye astaafu.

Utafiti wake unahusu kwa nini watu hawarudishi vitabu vya maktaba. Nilimwambia jibu ni neno moja tu, wizi, na haliwezi kujaza hata ukurasa. Ndipo nikapewa daftari.

Alhamisi, 6 Machi

Kampuni ya mtandao ilituwekea kisanduku chake sebuleni, karibu na dirisha, pale waya unapoingilia. Mke wangu anasomea chumba cha nyuma, na katikati kuna kuta mbili za mawe. Mawimbi yakifika kule yamekwisha choka. Binti yetu, ambaye anafanya kazi mbali, alisikia malalamiko ya mama yake akatutumia ruta mpya, antena nne zimesimama kama masikio ya punda. Niliifunga koridoni kwa dakika nne, nikafuta mikono.

Leo kipindi kimekatika mara saba. Kila kikikatika, uso wa mke wangu unabaki kwa wakufunzi umeganda, mdomo wazi. Mwanafunzi mwenzake mmoja amempiga picha akamtumia. Nimeiona. Sijacheka mbele yake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeugundua ugonjwa. Kisanduku cha kampuni kinagawa anwani kwa kila simu na kompyuta humu ndani, na ruta ya binti nayo inagawa. Kila kimoja kinajiona ndiye baba mwenye nyumba. Kompyuta ya mke wangu ikiuliza njia, huyu anasema kulia, yule anasema kushoto. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hili zizi lenyewe ni koridoni.

Dawa iko ukurasa wa kumi na nne wa kitabu cha maelekezo. Kisanduku cha kampuni kinatakiwa kuwekwa katika hali ya daraja. Maana yake kiachie ubaba: kisigawe anwani, kisiamue lolote, kipitishe tu kile kinachotoka kwenye waya, na ruta ya binti ndiyo itawale nyumba.

Nikafungua ukurasa wa mipangilio kwenye kompyuta, nikaingiza nenosiri, nikatafuta neno Daraja, nikaweka alama, nikabonyeza Hifadhi. Hapo ndipo ukurasa wa kumi na nne unapoishia. Kisanduku kikapepesa macho, kikazima, kikawaka. Lakini taa ya pili, ile ya waifai, ikabaki giza. Nikajaribu kurudi kwenye mipangilio, haikufunguka. Nikasubiri dakika tatu. Kimya.

Bwana aliyenifundisha ufundi alinipa sheria moja kabla hajaniruhusu kushika hata bisibisi: taa isipowaka, chombo kimekufa, mengine ni maneno ya wauzaji. Nikachukua sindano ya mke wangu, nikaichomeka kwenye kitundu cha nyuma, nikahesabu mpaka kumi na tano. Taa zote zikarudi. Kisanduku kimefufuka, ila kimesahau yote niliyokiambia, kwa hiyo mafahali wako palepale. Lakini nimekiokoa. Asingekuwapo fundi humu ndani leo, kingetupwa.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza. Nina mpango.

Jumanne, 11 Machi

Mpango haukufaa. Saa sita na dakika kumi mchana nilikiweka tena katika hali ya daraja. Saa sita na robo taa ya pili ikakata roho. Saa sita na nusu nikakifufua kwa sindano.

Jioni, kipindi kikiendelea, nilipita nyuma ya mke wangu kwenda kuangalia swichi ya ukutani. Nilikuwa na fulana na taulo, bisibisi nimeiuma kwa meno. Sikujua kwamba kompyuta inaona mpaka kule. Wanafunzi kumi na mbili na mkufunzi mmoja sasa wanakijua kitambi changu. Na wakati huo, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, mtandao haukukatika hata kidogo.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji amekuja. Huyu ni mdogo wake mke wangu, mwalimu wa udereva, na nyumbani tunamwita Rahisi, kwa sababu hakuna jambo duniani ambalo yeye halioni rahisi. Ndoa rahisi, upasuaji wa nyonga rahisi, kodi rahisi. Alipoelezwa habari ya kisanduku aliendelea kula mpaka akamaliza, kisha akasema, "Shemeji, si upige simu kampuni? Wana dada pale wanajibu bure. Rahisi."

Nilimwambia kwa upole kwamba mimi nimewatibia watu redio kabla yeye hajaota meno. Kwamba fundi hapigi simu kuuliza, fundi ndiye anayepigiwa. Mke wangu alikuwa anasuuza vikombe. Alisema tu kwamba zamani nilikuwa napigiwa. Hakusema kwa ubaya, lakini limeniingia, na mpaka sasa ninapoandika halijatoka.

Jumamosi, 22 Machi

Jaribio la tatu. Safari hii niliomba kabla ya kubonyeza. Taa ya pili imezimika tena. Sindano.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua juu ya bati. Mke wangu aliuliza swali darasani, mkufunzi akajibu, hakuna aliyemsikia mwenzake. Hilo angalau si kosa langu.

Jumamosi, 29 Machi

La nne. Niliiweka feni mbele yake nikidhani ni joto. Sindano.

Jumanne, 1 Aprili

Mke wangu hasomei nyumbani tena. Ng'ambo ya barabara kuna saluni, na msusi wake ana mtandao usiokatika, akamwambia karibu, kaa kwenye kile kiti cha pembeni. Kwa hiyo leo saa kumi alasiri mkutubi wetu alihudhuria kipindi cha uainishaji wa vitabu akiwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele.

Mke wa fundi anaomba mtandao saluni. Nilisimama dirishani nikatazama. Mvua ilikuwa nyembamba na nilimwona vizuri, anaandika, anaitikia kwa kichwa, na mashine inaitikia naye.

Jumamosi, 5 Aprili

La tano. Nilikigeuza juu chini. Sindano.

Alhamisi, 10 Aprili

Kumbe hukai kwenye kiti cha saluni bure. Msusi hataki malipo, lakini mikono yake haijui kutulia, na mke wangu anaona si adabu kumkatalia. Jumanne alirudi na mistari imeelekea nyuma. Leo amerudi na mistari imezunguka kichwa kama kikapu. Wiki hii nimelala na wanawake wawili, na wote wananiambia nisiwaguse kichwa.

Anasema wateja wa saluni wameanza kufuatilia masomo. Juzi mama mmoja alibishana na msusi kama kitabu cha upishi wa wagonjwa kikae na vya upishi au na vya tiba. Msusi alisema tiba. Mke wangu alisema hilo ndilo jibu lililo kwenye kitabu chake, na alilisimulia kwa furaha ambayo mimi sijamwona nayo humu ndani tangu muhula uanze. Nilitaka kufurahi naye. Nilichoweza kusema ni kwamba kikapu kimempendeza.

Jumamosi, 12 Aprili

La sita. Sina haja ya kueleza.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nitaandika kirefu.

Ilikuwa siku ya mazoezi ya mtihani. Saluni haikufaa, kwa sababu kanuni zinasema mtahiniwa awe peke yake chumbani, mlango umefungwa, asisikike wala kuonekana mtu mwingine. Maktabani kuna kompyuta moja, na anayeikalia ni yule wa miaka ishirini na tisa. Ikabaki nyumbani. Tangu asubuhi mke wangu alifagia chumba cha nyuma, akatandika kitambaa mezani, akavaa blauzi yake ya kazini. Hakuniambia neno juu ya kisanduku. Mimi ndiye niliyemwambia asiwe na wasiwasi, mambo yako chini ya ulinzi.

Mtandao ulikatika mara tano katika dakika ishirini. Nilikuwa nimesimama koridoni nimeishika ruta ya binti kwa mikono miwili, sijui kwa nini, labda nilidhani itatulia kama mtoto. Kupitia mlangoni nilimsikia mke wangu akisema, "Samahani mwalimu, nimerudi." Mara ya kwanza alisema kwa sauti ya kawaida. Mara ya tano alisema kama mtu anayeomba msamaha kwa kuzaliwa.

Mwishoni mkufunzi mkuu, mama mwenye sauti kavu, alimweleza mambo. Siku ya mtihani wenyewe, akipotea zaidi ya mara tatu atahesabiwa hakufika. Kurudia ni mwaka ujao. Mke wangu akamshukuru. Mwaka ujao kiti kitakuwa na mtu.

Alitoka akakaa sebuleni, mbele ya kile kisanduku, akakitazama. Taa zake zote zilikuwa zinawaka kijani, nzima, zimenyooka. Nikamwambia naomba anisubiri kidogo, Jumamosi nitajaribu namna nyingine.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Miaka thelathini na moja umeniambia nisubiri kidogo, na nimesubiri, kwa sababu mwishowe huwa unakitengeneza. Safari hii sina pa kusubiria."

Kisha akaenda kupika. Mimi nilibaki pale. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona masomo yake ni kitu cha kumpotezea muda, kama vile watu wanavyofuma vitambaa. Sikuwa nimekaa nikafikiri kwamba anakitaka kile kiti. Anakitaka sana. Nimeliona hilo leo shingoni mwake, jinsi mishipa ilivyosimama aliposema asante mwalimu.

Jumamosi, 26 Aprili

La saba. Sindano imepinda.

Alhamisi, 1 Mei

Nimepiga simu kampuni mara mbili. Mara zote mbili nilikata kabla haijapokelewa. Nimejiuliza naona haya ya nini, na jibu ni kwamba ningepiga Machi ningekuwa mtu aliyeuliza swali. Kupiga sasa ni kukiri miezi miwili.

Jumamosi, 3 Mei

Nimepiga. Mke wangu alikuwa kazini. Nilijifungia bafuni, sijui nilikuwa namficha nani.

Dada aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu mwenye subira ya kulipwa. Alinitaka nikae mbele ya kisanduku nikiwa na kompyuta, basi nikatoka bafuni. Akaniongoza hatua kwa hatua, na kila hatua nilikuwa nimeifikia kabla hajaimaliza. Daraja, alama, Hifadhi. Kisanduku kikapepesa, kikazima, kikawaka. Taa ya pili, giza.

"Taa ya waifai imezima?" akauliza.

"Imezima, dada yangu. Imekufa tena."

"Haijafa, baba. Ndivyo inavyotakiwa. Ukishakiweka daraja hakirushi waifai tena, na ule ukurasa wa mipangilio haufunguki. Umemaliza kazi. Sasa zima vyote viwili, subiri dakika tano, washa kisanduku kwanza, halafu ruta. Na taa hiyo usiiguse."

Nikamuuliza, kwa mfano, kama mtu angekuwa amekiweka hivi zamani, halafu akaona taa imezima, halafu akachomeka sindano kwenye kitundu cha nyuma.

"Basi atakuwa amefuta kazi yake mwenyewe," akasema. "Kwani baba ulikiweka mara ngapi?"

Nikasema mara mbili.

Nilifanya kama alivyosema. Dakika tano zikapita, nikawasha kisanduku, nikawasha ruta. Nikaenda chumba cha nyuma na kompyuta, nikafungua video ya mtu anayechonga mlango, nikaitazama yote mpaka mlango ukaisha. Haikukatika.

Kisha nikachukua kitabu cha maelekezo, nikafunua ukurasa wa kumi na tano, ambao kwa siku zote hizi sikuufunua, kwa kuwa ule wa kumi na nne ulimalizikia kwenye Hifadhi nami nikadhani yamekwisha. Mstari wa kwanza unasema: Taa ya pili itazimika. Hii ni kawaida.

Nikafungua daftari hili nikahesabu. Niliiweza kazi tarehe 8 Machi, kwa jaribio la kwanza, saa ileile niliyoianza. Na mara saba nimekiua kitu kizima nikakiandika hapa kuwa nimekiokoa.

Jumapili, 4 Mei

Nimemwambia. Ningeweza kusema tu kwamba nimekitengeneza, angefurahi, yangekwisha. Nilianza hivyo hasa. Lakini alinitazama kwa shukrani, na ile shukrani sikuweza kuibeba.

Akauliza, "Tarehe nane Machi?" Nikasema tarehe nane Machi. Akauliza, "Na kule saluni kote?" Nikasema kote. Hakucheka na hakunigombeza, ambalo ni baya zaidi. Akanyoosha mkono akasema nimwazime daftari mpaka Jumatano. Nikamkumbusha alisema Juni. Mkono haukurudi, kwa hiyo haya nayaandika haraka haraka.

Jumatano, 7 Mei

Daftari limerudi, siku ileile aliyoahidi. Ndani yake kuna kikaratasi cha maktaba chenye muhuri wa tarehe. Hakuna maoni yoyote pembeni ya kurasa, nimetafuta. Nikamuuliza ameonaje. Akasema mwandiko wangu umekuwa mzuri.

Jana kipindi kilikwenda tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukatika. Msusi alivuka barabara kuuliza kama mwanafunzi wake anaumwa.

Jumatatu, 12 Mei

Kazi yangu sasa ni kutofanya kitu, na siijui. Redio nzima humjibu fundi: unazungusha, inapiga kelele, unajua iko hai. Hiki kisanduku hakinijibu. Ukurasa wake haufunguki, taa yake imelala. Kinafanya kazi kwa ajili ya kila mtu humu ndani, ila mimi hakinitambui. Mara nne leo nimekigusa juu kuona kama kina joto.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua kubwa, na saa tisa mtandao ukapungua kasi mtaa mzima. Mtaa mzima, nasisitiza, hata saluni. Lakini mimi sikujua bado, na mke wangu alinikuta nimepiga magoti nyuma ya kisanduku. Nilimwambia natafuta kifungo. Akanifungua kiganja, akaitoa sindano. Jioni alizikusanya sindano zote za nyumba, pini, vibanio, hata njiti za meno, akazifungia kwenye mkoba wake wa kazini.

Jumanne, 20 Mei

Rahisi amepiga simu. Anakuja Ijumaa kumtia dada yake moyo. Nimemwambia moyo upo wa kutosha. Anakuja.

Ijumaa, 23 Mei

Niliamka nikavaa suti. Mke wangu aliniuliza nakwenda wapi, nikasema sebuleni. Akanirekebisha tai, akachukua maji na karatasi zake, akaenda chumba cha nyuma akafunga mlango. Saa nne kamili nilisikia sauti kavu ya mkufunzi mkuu ikimsomea kanuni, pamoja na ile ya kuwa peke yake.

Mvua haikuwa kubwa. Nilikaa kwenye kiti mbele ya kisanduku, mikono magotini. Saa nne na dakika nane akaingia Rahisi, amelowa, akakaa, akatazama huku na huku, jicho likatua pale.

"Shemeji," akasema, "hii taa mbona haiwaki? Kitu kimekufa hiki." Na tayari alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni, ile nyembamba, anatafuta kitundu. "Mbona rahisi."

Sijamshika mtu mkono kwa nguvu tangu nilipokuwa kijana. Nilimshika. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba taa hiyo ikizima ndiyo imekubali, na kwamba akiigusa, mimi na yeye undugu umekwisha na dada yake atakuwa shahidi. Akaniuliza nimejuaje mambo ya taa. Nikasema niliuliza. Akanitazama kana kwamba nimemwambia nimezaa. Nikampa kitabu cha maelekezo, nikamwambia asome ukurasa wa kumi na tano mpaka mtihani uishe, nikamnyang'anya na kalamu.

Nikajisogeza koridoni. Nilitaka tu kusikia kama haikatiki. Nikaegemea mlango wa chumba cha nyuma, na kwa mara ya kwanza katika muhula mzima nikamsikiliza mke wangu. Alikuwa anazungumza polepole, bila samahani hata moja. Anataja miaka, idadi, mitaa. Mkufunzi mmoja wa kiume akajaribu kumtega kwa swali refu, akamjibu kwa sentensi mbili na yule akahamia swali jingine. Mimi nimekaa na mtu huyu miaka thelathini na moja nikimweleza habari za redio.

Kisha yule wa sauti kavu akamuuliza: kwa maneno yake mwenyewe, si ya vitabu, kwa nini watu hawarudishi?

"Kwa haya, mwalimu," mke wangu akasema. "Si wizi. Anachelewa siku moja, anaona haya kidogo. Akichelewa wiki, haya imekua, na faini juu yake. Baada ya mwezi anapita njia ya nyuma ili tusimwone. Kitabu anacho mezani, anakitazama kila siku. Kadiri anavyotaka kukirudisha ndivyo asivyoweza."

"Una ushahidi?"

"Ninao wa maktaba, uko sura ya tatu. Na ninao mmoja wa nyumbani. Kuna mtu ninayemfahamu, fundi hodari kuliko wote niliowaona. Alikuwa na tatizo ambalo dawa yake ilikuwa simu moja, ya bure. Siku ya kwanza hakupiga kwa kujiamini. Siku zilizofuata hakupiga kwa haya. Alipiga siku ya hamsini na sita. Ameandika kila siku kwa mkono wake, nimesoma. Akaja akaniambia ukweli ambao angeweza kuuficha."

"Na wewe ulimfanya nini?"

"Sikumtoza faini."

Nimesema nilikuwa nimeegemea mlango. Kitasa cha mlango huo nilikitengeneza mwenyewe Februari. Kikaachia. Nikaingia chumbani kwa hatua tatu ambazo sikuzipanga, nikasimama katikati, na suti yangu, na kalamu ya Rahisi mkononi, na kwenye kompyuta nyuso tatu zikaniangalia.

Nilijua nimefanya nini. Nilimwona mke wangu mgongo unavyokakamaa. Mtandao haukukatika hata mara moja, mafahali wametulia, mvua imetulia, halafu mimi ndiye ninayekuja kumwangusha kwa miguu yangu.

"Kanuni zinasema uwe peke yako," sauti kavu ikasema. "Huyo bwana nyuma yako ni nani?"

Mke wangu hakugeuka.

"Ndiye mfano wenyewe, mwalimu. Sikumwita. Amekuja mwenyewe."

Mkufunzi mkuu akavua miwani, akasogea karibu mpaka uso wake ukajaa kioo. "Mzee," akasema, "ni kweli, siku hamsini na sita?"

Nilimdanganya yule dada wa simu ambaye hata hanijui. Hapa walikuwa watatu, na mke wangu, na Rahisi amekwisha simama mlangoni na kitabu cha maelekezo.

"Ni kweli," nikasema. "Na nilikiharibu mara saba. Nilimwambia dada wa kampuni mara mbili."

Yule wa kiume ndiye aliyeanza kucheka, kisha wa pili. Mkufunzi mkuu hakucheka, aliandika kitu, kirefu, kisha akasema bwana atoke na mlango ufungwe, mtahiniwa anaendelea. Nikatoka. Nikashika kitasa kwa nje, kwa mikono miwili, nikakishika hivyo dakika ishirini na tano zilizobaki, mpaka vidole vikafa ganzi, na Rahisi akiniuliza kama anipokee nikamwambia hapana.

Saa tano na robo kilivutwa kutoka ndani. Niliachia. Mke wangu alisimama pale na karatasi zake kifuani, macho yamelowa, akatuambia amefaulu, na kwamba wamemtaka aongeze sura ya nne, ya yule fundi, kwa ajili ya kuchapishwa. Akanitazama vizuri, suti na tai na vile vidole. Akasema atalihitaji tena daftari langu, safari hii kwa muda mrefu.

Nikamwambia achukue, asiwe na haraka.